Pilipili Yangu Imeota kwa Muvuvi

Mama Germaine mpendwa, wewe unayesikiliza taabu za watu wa Stanleyville na vijiji vyake, naomba unisaidie, na naomba usome barua hii mpaka mwisho kabla ya kucheka, sababu mimi siko mutu wa kuandikia gazeti kila wakati, nilisoma kwa mapadri mpaka mwaka wa tatu, na padri mwenyewe alisema Félicien, ukiendelea hivi utanifundisha mimi, lakini baba alinitoa nimusaidie shambani, donc nilibaki na akili nyingi kuliko karatasi.

Bon. Mimi ni mulimaji wa pilipili nyekundu, ile ndogo inayosimama juu kama musumari, na shamba yangu iko kando ya mto, chini ya mji, mahali mashua za Yangambi zinapita. Wengine wanalima pamba na mupunga sababu Leta, ni kusema serikali, inataka, na mimi pia nalima sehemu yangu, sitaki maneno na moniteur, yule musimamizi wa kilimo, lakini pilipili nalima kwa roho yangu mwenyewe. Sijisifu. Nasema tu kile watu wote wanajua, kwamba toka hapa mpaka Basoko hakuna pilipili inayofikia yangu. Muzungu mumoja mwenye kuchunguza mimea alisimamisha mashua akasema hii si kitu, akaweka moja mudomoni, na walioshuka naye wananiambia alifika Yangambi bado anapepea ulimi kwa kofia. Na tembo, hiyo umesikia. Aliingia shambani, akachuma tawi moja na mukonga, akasimama, akafikiri, kiisha akakimbia mpaka mtoni akakunywa, akakunywa, mpaka wavuvi wa Barumbu kule chini wakaanza kutembea kwa miguu mahali walikuwa wanapiga kasia.

Ndiyo sababu nawaambiaka watu kila siku: hakuna kiumbe cha Mungu kinachoweza kula pilipili ya Félicien. Panya hawezi, nyani hawezi, mbuzi alijaribu akaomba musamaha. Anayeweza kuichukua ni mutu tu, mwenye mikono na roho mubaya. Na mimi siichumi haraka, naiacha mutini ikomae mpaka shamba yote iwake, ili wasafiri waione toka katikati ya mto na waulizane nani mwenye shamba ile.

Alors, tangu mvua ilipopungua, pilipili yangu inapotea. Haipotei yote, hapo ndipo utaona ujanja. Inapotea ile nyekundu tu, iliyoiva kabisa, na ya kijani inabaki pale inaniangalia. Mwizi havunji tawi, hakanyagi kitu, na anaacha hata kile kikofia cha kijani kwenye kijiti, kama mutu anayekula ndizi yako na kukuachia maganda mezani ili ujue alikuwa hapo. Nilimwaga majivu katikati ya mistari nione nyayo. Asubuhi majivu iko safi kama kitambaa cha altare. Mwizi asiye na nyayo, Mama Germaine. Nikasema nitalinda mwenyewe, nikakesha na panga, hakuna mutu, hakuna sauti, jua likaanza kutokeza nikasema bon, ameogopa, naenda kunywa kahawa, na niliporudi nyekundu zimekwisha. Donc ananiangalia. Anajua saa ya kahawa yangu. Ni nani anajua saa ya kahawa ya mutu kama siyo jirani?

Na jirani ninaye. Anaitwa Hubert, mutu wa maporomoko, babu yake muvuvi, baba yake muvuvi, ndugu zake wako kule na mitego yao mikubwa penye maji yanaanguka, yeye alishuka huku kuvua na nyavu. Hajashika jembe tangu azaliwe, ukimupa jembe atakuuliza ndoano iko wapi. Lupango yake, kiwanja cha nyumba yake, inapakana na shamba yangu, kijito kidogo tu katikati. Nyuma ya nyumba amelaza muti murefu juu ya nguzo mbili, pale anaanikaka nyavu zake. Sasa sikia. Nilikwenda kwake kununua samaki, nikazunguka nyuma, na chini ya ule muti wa nyavu nikaona pilipili. Pilipili yangu, naijua kama nawajua watoto wangu. Na imeota mustari mumoja, umenyooka toka nguzo mpaka nguzo kama umepimwa na kamba. Kitu kinachoota chenyewe kinatawanyika ovyo, kitu kilichopandwa kinanyooka, hata moniteur ndivyo anatufundisha.

Nikaficha hasira yangu, nikamuuliza, "Papa Hubert, tangu lini wavuvi wanalima?"

Akacheka. "Papa Félicien, hata mimi nimeshangaa. Pilipili yako imejileta yenyewe. Labda imechoka kusikia hadithi zako."

"Imejileta na miguu gani?"

"Muulize tembo wako," akasema, na akaendelea kushona nyavu bila hata kuniangalia machoni.

Umesikia? Imejileta yenyewe. Mutu asiye na kosa angeapa, angeita muke wake, angepiga kifua. Huyu anashona nyavu.

Na kuna ingine. Juu ya majani ya pilipili yangu, na chini ya ule muti wake, kuna kitu cheupe kimekauka, matone matone, sawa na pemba, ule udongo mweupe wa waganga. Nilikwangua kidogo na kisu, nikasaga na kidole, na ndani yake, sikufichi, kulikuwa mbegu za pilipili. Voilà. Wamechukua pilipili yangu, wamechanganya na pemba, wamerudisha dawa shambani ili baraka ya shamba yangu ihamie kwao. Kitu hicho nimekifunga katika jani ya ndizi, nikakiweka ndani ya sanduku pamoja na karatasi yangu ya ubatizo.

Utaniambia basi nenda kwa chef wa kijiji, umalize. Lakini neno hili lina mizizi. Dada yangu Philomène ana binti, Clothilde, na Clothilde anaolewa na Séverin, na Séverin ni mutoto wa yule Hubert. Mahari imepatanwa, padri amekwisha kutangaza kanisani, na familia mbili zinakutana Jumamosi inayokuja. Kwetu binti hatoki bila noko, ni kusema ndugu ya mama yake. Baba anaweza kukubali, mama anaweza kulia, lakini noko ndiye anajaza maji mudomoni na kuyapuliza juu ya kichwa cha bibi arusi. Bila maji ile, mutoto anakwenda kavu, na ménage, ndoa yenyewe, inakuwa kavu. Na noko ni mimi, hakuna mwingine, ndugu zetu wengine wote wamelala kaburini.

Usifikiri sikuchunguza. Séverin alipokuja kunisalimia, nilimushika mikono yote miwili kama mutu mwenye furaha, nikainusa. Samaki tu. Nikamwambia, mwanangu, iko kitu kwenye jicho lako, jipanguse na kidole. Sababu sisi wa pilipili tunajua, ukichuma asubuhi kidole kinabaki na moto mpaka jioni, ukigusa jicho utalia kama mujane. Alijipangusa jicho, akapangusa na la pili, akasema, "Asante, tonton, imetoka." Hakuna chozi. Donc alikuwa amenawa na mafuta ya mawese, ndiyo yanaondoa moto wa pilipili. Mutu asiye na kosa anawa na mawese kwa nini?

Nimekwisha kuwaambia nyumbani kwamba Jumamosi nitasimama katikati ya watu, nitafungua jani langu mbele ya wakwe, nitauliza. Philomène akasema, "Félicien, utachoma nyumba ya mutoto wangu na pilipili yako." Nikasema siyo pilipili, ni ukweli. Na Clothilde, mutoto niliyemubeba mugongoni nikivuka mto uliofurika, mamba wawili wakinipisha njia, sasa ananipita bila kunisalimia. Jana alileta sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, akaweka chini, akasimama. "Noko," akasema, "kama hutaki niolewe, sema hutaki. Lakini usiwaite wezi. Mimi ndiye nitakaa ndani ya jina hilo." Akaenda. Nilikula, Mama Germaine, nikaweka pilipili yangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza sikusikia ukali.

Kiisha, nikiwa bado na sahani, wazo likanijia ambalo sikulipenda na mpaka sasa sijalitoa. Saa ya kahawa yangu anaijua nani kuliko wote? Clothilde. Yeye ndiye anaipika.

Alors niambie. Nifungue jani mbele yao? Nikatae kwenda? Ao niende nipulize maji kidogo tu, nusu, Mungu atajua? Nijibu upesi, na jina langu uliandike na herufi kubwa, sababu wengi wananijua.

Mimi Félicien, mulimaji, kando ya mto

MAMA GERMAINE ANAJIBU

Papa Félicien, majina yote nimeyabadilisha, na herufi ni zilezile za watu wengine. Anayejua habari ya tembo atakutambua, hapo siwezi kukusaidia. Barua zingine nimeziweka kando ili jibu hili likufikie kabla ya Jumamosi.

Kwanza, sanduku. Lile jani la ndizi usilifungue mbele ya mutu yeyote, na zaidi sana mbele ya wakwe. Kitu ulichokifunga pamoja na karatasi ya ubatizo wako ni mavi ya ndege.

Kaa chini, soma tena barua yako, maana umeandika kila kitu na hukusoma ulichoandika. Nani anachagua pilipili nyekundu na kuacha ya kijani? Nani anachomoa tunda na kuacha kikofia chake kwenye kijiti? Nani anapita juu ya majivu bila kuacha alama? Usiku ulipokesha na panga, mwizi wako alikuwa amelala juu ya muti, kichwa ndani ya bawa. Jua lilipotokeza, wewe ukaenda kwenye kahawa na yeye akashuka kwenye chakula. Hakuna aliyemwambia saa. Akishashiba anavuka kile kijito chenu, anatua juu ya muti wa nyavu za Hubert kwa sababu hakuna mahali pazuri zaidi pa kukaa, na pale anafanya kile kila mutu anafanya akishashiba. Mbegu inaanguka chini ya muti, toka nguzo mpaka nguzo. Hubert hakupima na kamba, papa. Muti ndiyo kamba.

Najua utasema nini. Utasema pilipili yako ni kali. Ndege hasikii. Ukali ule unachoma wewe, unachoma mimi, unachoma mbuzi, na kama unataka sana, tembo pia. Ndege anameza pilipili kama sisi tunavyomeza punje ya muhindi, na kisha anaimba. Jambo hili si la masomo makubwa. Sisi wote wa huku tumekulia ndani ya mupunga, tukipiga debe na kurusha udongo toka alfajiri kufukuza ndege, na wewe pia, sidhani baba yako alikutoa shule ukae bure. Kama mupunga wako ndio ungepotea, ungeangalia juu siku ya kwanza. Lakini kwa pilipili uliwaambia watu wote wa mto huu kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kuila, ukawaambia mara nyingi mpaka maneno yako yakakukataza wewe mwenyewe kuangalia juu.

Hapo ndipo nakukasirikia. Ulipokwisha kuwaondoa wanyama wote kwa majivuno, alibaki mutu, na mutu wa karibu alikuwa Hubert. Alipocheka, ukasema anakiri. Mutoto wake hakutoa chozi, ukasema amenawa. Kwako anayeapa ni mwongo na asiyeapa ni mwizi, mikono michafu ni ushahidi na mikono safi ni ushahidi zaidi. Na angalia mahali umefika: ulianza na jirani ng'ambo ya kijito, ukaenda kwa mukwe wako, na leo uko kwenye sufuria ya kahawa ya mutoto uliyembeba mugongoni. Ukiamka kesho utamushuku nani, Philomène aliyemuzaa? Binti huyu amekuletea chakula huku unamwandalia aibu. Alisema neno moja tu, na neno lake ni kubwa kuliko barua yako yote. Wewe utasema wezi siku moja, ushuke nyumbani. Yeye ataishi humo, atazaa humo, na kila ugomvi wa kisima watamukumbusha noko wake alifungua jani gani.

Sisemi huna taabu. Mutu analima kitu kwa roho yake, anakitunza toka mbegu, na asubuhi anakuta vijiti vitupu, inauma. Ningekuwa mimi ningelia. Ila ndege hawa umewaalika mwenyewe, kwa kuacha shamba liwake nyekundu ili watu wa mashua wakuulize jina. Watu wa mashua wanapita. Ndege wanakaa.

Sasa fanya hivi. Kesho alfajiri usinywe kahawa kwako. Ibebe, uvuke kijito, ukae na Hubert nyuma ya nyumba yake, na usiseme neno la wizi. Mumiminie, kunywa, na uangalie ule muti wa nyavu. Mutakapomaliza kikombe utakuwa umemuona mwizi wako, na labda ana rafiki zake. Kama hakuna ndege aliyetua, niandikie, nitatafuna pilipili yako bila samaki mbele ya watu wa gazeti wote. Lakini kama ametua, basi cheka kabla ya Hubert kucheka, maana hiyo ndiyo njia peke yake ya kutoka pale na heshima.

Pilipili uichume kila siku ikianza kuwa nyekundu, uianike kwenye mukeka karibu na nyumba, mutu akiwa hapo. Na usiwawekee ndege sumu, watu wengine wanakula ndege hao.

Halafu kuna haki yako ya noko. Siku ile unaruhusiwa kuomba wakwe kitu chako. Kila noko anaomba mbuzi, kisha anasema mbuzi ni mudogo. Wewe omba nyavu kuukuu, zile Hubert amechoka kushona. Zitandaze juu ya mistari yako wakati inaiva, na ndege atakaa juu ya muti akiangalia kwa mbali. Yule uliyemwita mwizi ndiye atafunika shamba lako. Na ile pilipili iliyoota kwake usiidai. Iache. Clothilde akifika kwa wakwe na kutaka kupika liboke, samaki wa kufungwa ndani ya majani, atakuta nyuma ya nyumba pilipili ya noko wake imemutangulia.

Lile jani la ndizi lizike kwenye mizizi ya pilipili, ni mbolea nzuri.

Kwa Clothilde usingoje akusalimie. Najua wewe ni mukubwa na yeye ni mutoto. Safari hii anza wewe, leo hii, kabla ya ndege na kabla ya Hubert, wakati bado huna hakika kama mimi nasema kweli. Ukingoja mpaka uone, utakuwa umeamini ndege na siyo mutoto wako.

Na Jumamosi, hakuna maji nusu. Jaza mudomo mpaka mashavu yatoke nje, simama mbele ya familia mbili, na kabla ya kupuliza kaa nayo kidogo, watu wote kimya, wote wanakuangalia wewe. Najua utapenda pale. Kaa nayo tu. Mudomo uliojaa maji hauwezi kusimulia tembo.